Bendi ya dansi iliyopiga hapa Mtwara Jumamosi: tathmini yangu, na zile dakika 23 za saa nane usiku

Mwana Shangani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Niliahidi kwenye ule uzi mwingine kwamba nikienda kuisikiliza ile bendi ya kutoka Dar nitarudi na ripoti kamili, nimekuja, samahani kwa kuchelewa, Jumapili nililala kutwa nzima na jana nilikuwa ghalani, msimu wa korosho mnaujua wenyewe. Jina la bendi siliweki maana nina lawama zangu na sitaki uzi ugeuke ugomvi wa mashabiki. Waliokuwepo wanaijua.

Mjue kwanza naongea kama nani. Mimi dansi nimelelewa nalo, marehemu baba alikuwa kibarua wa bandarini na redio yetu ilikuwa haizimwi mpaka betri ife, halafu tunazianika juani zipate nguvu ya wimbo mmoja zaidi. Kwahiyo nikisema kitu nakisema kwa mapenzi.

Kiingilio elfu kumi. Gari la matangazo lilisema saa tatu usiku, tumefika na jamaa yangu saa tatu na robo tunakuta vijana ndo wanashusha spika kwenye fuso. Hilo sina neno nalo, dansi halianzi saa tatu popote pale. Wamepasha vyombo, wamepiga nyimbo mbili za ala tupu, tamu kweli, saa tano waimbaji wakapanda.

Sasa hapo ndo shida ilipoanzia. Kuanzia saa tano mpaka saa saba na nusu wamepiga nyimbo nyingi sana na nimetazama saa ya simu mara kwa mara, hamna hata mmoja uliofika dakika sita. Wimbo unaanza, beti mbili, kiitikio, gita linaanza kupata moto tu, rapa anadaka maiki anaanza kutaja watu, pokea salamu za bosi fulani, pokea salamu za wakulima wa Tandahimba, akimaliza kutaja wimbo nao umezimwa. Ni sawa na kupikiwa ubwabwa, mchuzi unaonyeshwa tu halafu sufuria inarudi jikoni.

Na mitambo. Fundi mitambo alijaza kinanda mpaka kifua kinagonga, wapulizaji wako wawili, tarumbeta na domo la bata (saksafoni), unawaona mashavu yamevimba jasho linawatoka lakini sauti husikii. Nimesogea mpaka mbele ya spika ya kulia, hamna kitu. Mtu amebeba tarumbeta lake zaidi ya kilomita 500 kuja kutupigia, apewe maiki inayofanya kazi jamani, hilo liliniuma kuliko hata kuchelewa kuanza.

Kwa vijana ambao dansi mmelikuta limeshazeeka niwaeleze kidogo mjue kwanini nalalamika. Wimbo wa dansi ni kama nyumba, una sebule na una uani. Sebuleni ndo kwenye hadithi, mwimbaji anakusimulia kwa taratibu habari za mke, mali, shemeji, usafiri wa kwenda kijijini. Akimaliza mlango wa nyuma unafunguliwa mnatoka uani, huko ndo kunaitwa chemko. Mwendo unapanda, maneno yanapungua, linabaki neno moja au mawili yanarudiwarudiwa, halafu magita yanaanza kuongea. Rizimu, gita la kushika mapigo, anashika njia moja haiachi. Second solo anajaza pale rizimu alipoacha nafasi. Solo, gita linaloongoza, anapita juu yao. Besi halipigi kila mahali, linaacha tundu na tumba ndo linaziba. Ukikaa humo ndani dakika kumi mwili unasahau umechoka. Ukikaa dakika moja na nusu hujaingia popote, umechungulia tu.

Basi imefika saa nane kasoro, nimeshamwambia jamaa yangu tumalizie soda twende zetu, rapa akashuka kwenda kupumzika. Wakaanzisha wimbo wa zamani, wa taratibu. Mpiga solo wao ni mzee, kofia ya pama, anapiga amekaa kwenye kiti cha plastiki na ndala kaziweka pembeni, mguu peku ndo unashika mapigo. Mimi niko hatua tatu kutoka alipo. Wameingia kwenye chemko, mzee anapanda juu kabisa kwenye shingo ya gita, mara *ta!* Waya mwembamba umekatika na ncha imemchapa mkononi, nimeona akiutikisa mkono.

Kwa usiku ule ulivyokuwa unaenda nilijua wimbo umekufa. Mzee hakukunja hata uso. Amegeuka, amemtazama yule second solo, kijana mdogo tu kavaa jezi, muda wote alikuwa kajificha nyuma ya kinanda, akampa ishara kwa kidevu. Kijana akaanza na sauti tatu. Tatu tu jamani. Ti-ti-taa, anaacha. Ti-ti-taa, anaacha. Mpiga tumba akaisikia ile nafasi akamjibu. Besi likashuka chini. Wapulizaji nao wakaona hapa hapa, wakaacha maiki yao mbovu wakaenda kujibana kwenye ya mwimbaji, watu watatu maiki moja, mwimbaji kiitikio tarumbeta linajibu, na hapo ndo kwa mara ya kwanza usiku ule tukajua tarumbeta linapigwaje na huyu bwana, sauti kali safi haina mkwaruzo.

Mzee huku anafanya nini? Katoa kikaratasi mfuko wa shati, ndani kuna waya umekunjwa mviringo. Anaufunga taratibu, ulimi umetoka kidogo kama mtu anayetunga sindano. Kwa kelele zile huwezi kusikia gita lako, kwahiyo kalaza sikio kwenye bega la gita, mbao inagusa shavu, anakaza, anagusa, anakaza. Na hii hewa yetu ya Novemba, jasho la chumvi, waya mpya haukai, kakaza mara mbili tatu. Dakika kama tano hivi. Kisha karudi, na hakumnyang'anya kijana wimbo. Kachukua zile sauti tatu za yule kijana kazipiga ngazi moja juu. Kijana kajibu chini. Mzee juu. Wakaenda hivo mpaka nikapoteza hesabu.

Kuna mama wa makamo alikuwa kakaa usiku kucha na pochi mapajani, hakuinuka hata mara moja. Kwenye ile sehemu kaiweka pochi chini ya kiti kasimama. Sijui niseme nini zaidi.

Wimbo wote dakika 23 kwa simu yangu. Walivyomaliza hamna aliyepiga makofi kwanza, watu walikuwa wanahema, halafu ndo kelele. Baada ya hapo wakapiga hivohivo, nyimbo ndefu, mpaka saa kumi na robo, rapa alirudi lakini naye akawa anaachia nafasi.

Kwahiyo tathmini yangu, saa mbili na nusu za mwanzo nawapa tatu kwa kumi, na hizo tatu ni za ala tupu. Kuanzia ule waya ulipokatika nawapa kumi, ningekuwa na zaidi ningewapa. Ninachowaomba hawa ndugu wakija tena Kusini waanze na ile nusu ya pili ya usiku. Wanaweza, tumewaona wanaweza, sa kwanini wanatuficha?

---

KoroshoGhafi

Mkuu nakuheshimu ila mimi nilikuwepo na niliondoka saa saba na hapo nilikuwa nimeridhika kabisa. Ukumbi ulijaa vijana, wimbo dakika tano unacheza unakaa unakunywa unacheza tena. Dakika 23 mfululizo nani ana hiyo pumzi? Halafu yale majina unayoyalalamikia ndo yanayowalipa wanamuziki, mtu akitajwa anatoka mbele anatunza. Niliona mmoja kambandika mwimbaji noti za elfu kumi kumi kwenye paji la uso mpaka zinaanguka. Bila hivo bendi hairudi Mtwara tena.

---

Mwana Shangani

KoroshoGhafi sikatai kutunza, na mimi nimemtunza yule mzee wa solo. Nachosema mtaje mtu kwenye sebule, au mtaje juu ya gita huku gita linaendelea. Wao wakimaliza kutaja wanazima. Na hiyo pumzi unayoisema, we uliondoka saa saba kaka, ungeiona saa nane walivyoinuka hata waliokuwa wanasinzia. Chemko haikumalizi pumzi, ile ya kuanza na kusimama kila dakika tano ndo inayochosha miguu.

---

Fundi Besi Lindi

Shikamooni wakubwa, vijana hamjambo. Nilipiga besi kwenye vibendi vya huku kwetu Lindi na Nachingwea mwishoni mwa miaka ya themanini, niongeze kidogo maana mwanzisha uzi kagusa penyewe.

Huo ufupi haukuanza leo. Mnakumbuka zile santuri ndogo za 45, za mizunguko 45 kwa dakika? Upande mmoja unabeba dakika nne, tano ukibana sana. Wimbo wa dansi ukaonekana hautoshi, ukakatwa vipande viwili, upande wa kwanza maneno, ukigeuza ndo unakuta chemko. Kuna watu wamemiliki santuri miaka na wao ni wa upande mmoja tu. Redio Tanzania nayo ndo ilikuwa studio ya bendi karibu zote, mnaingia wote mnapiga kwa pamoja, mkikosea mnarudia mwanzo, kwahiyo mnajipima. Watu wakazoea urefu wa redio wakadhani ndo urefu wa wimbo. Ukumbini ilikuwa kitu kingine kabisa.

Angalieni majina yenyewe. Bendi ya NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa Juwata, ikawa OTTU, leo ndo Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978, mtindo wao Sikinde. Msondo ni ngoma, Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Marehemu mwimbaji Muhidin Gurumo kapita kote kuwili na 1985 akaenda bendi ya Safari Sound wakaja na mtindo wa Ndekule. Hawa watu walijiita kwa majina ya ngoma kwa sababu walijua wanachokifanya ukumbini ni ngoma. Sasa niambieni nani amewahi kuona ngoma inapigwa dakika nne?

Na kuhusu waya, huku pwani waya mwembamba haumalizi wiki kama unapiga kila siku. Chumvi inaula. Sisi tulikuwa tunafuta shingo ya gita kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo kila baada ya wimbo. Huyo mzee kuweka waya mfukoni ni mtu aliyewahi kukatikiwa akiwa mbali na duka. Zamani kabla ya daraja la Mkapa mwaka 2003 ukiwa huku Kusini masika ndo umefungiwa, kivuko cha Rufiji kikisimama hakiji kitu kutoka Dar, waya ukikatika ulikuwa unafunga fundo unaendelea.

---

Binti wa Mikindani

Shikamoo baba Fundi Besi, umenena.

Mi nilikuwepo tena mbele kabisa na dada zangu wawili, na yule mama mwenye pochi nadhani namjua, ni jirani yetu. Nataka niseme jambo ambalo mwanzisha uzi hakuliona labda kwa sababu alikuwa anatazama magita. Zile sauti tatu za yule kijana watu hawakuanza kucheza dansi, waliingia sindimba, ngoma yetu ya Wamakonde. Sikuambiwa na mtu, niliona kiuno cha dada yangu kimebadilika. Ile ti-ti-taa halafu nafasi, ndivyo kinganga kinavyoita kwenye sindimba, kale kangoma kembamba kanalia juu, kanaita kanaacha, ngoma kubwa zinajibu. Sijui kama kijana ni wa huku au imetokea tu ila watu wa Mtwara miili yao ilijua kabla ya vichwa. Nyuma yangu kuna bibi akapiga kigelegele kile cha ngoma kabisa, sio cha ukumbini.

Ndo maana ikawezekana dakika 23. Kwenye ngoma hakuna anayeuliza wimbo utaisha saa ngapi. Unatoka unakunywa maji unarudi unaikuta palepale.

Ila kuhusu wapulizaji nakuunga mkono kaka, ilitia huruma.

---

Mwana Shangani

Dah dada hilo la sindimba umenifumbua, nimekaa nalikumbuka naona kweli. Nilikuwa natazama mikono sikutazama watu.

---

Msafiri wa Masasi

Wakuu mimi sikuwepo ila uzi umenikumbusha kitu. Miaka ya mradi wa gesi huku Kusini nilifanya kazi na Mmarekani mmoja mtu mzima, yeye simu yake nzima ilikuwa imejaa bendi moja tu, Grateful Dead. Nikawa namuuliza mbona wimbo hauishi, ananiambia subiri. Bendi ilianza 1965 kule California, kiongozi wao wa gita Jerry Garcia alifariki 9 Agosti 1995, kidole cha kati cha mkono wa kulia alikuwa hana sehemu kubwa tangu utotoni na bado akapiga vile. Wamepiga maonyesho zaidi ya 2,300 na hawakuwa wanapiga wimbo kwa namna ileile mara mbili. Walikuwa na wapiga dramu wawili kwa wakati mmoja.

Kilichonishangaza ni mashabiki. Waliruhusiwa kuingia na mashine za kurekodi, na 1984 bendi ikawatengea kabisa sehemu yao ukumbini nyuma ya fundi mitambo. Wanabadilishana kanda bure, mwiko ni kuuza. Onyesho linalosifiwa sana ni la 8 Mei 1977 ukumbi wa Barton Hall, chuo kikuu cha Cornell, alilirekodi fundi wao mwanamke Betty Cantor-Jackson. Kanda ilizunguka mikononi mwa watu miaka na miaka, maktaba kuu ya taifa lao ikaiingiza kwenye orodha ya rekodi za kutunzwa, orodha ya 2011, na kutolewa rasmi ni 2017, miaka arobaini baadae. Itafute mkuu, sehemu ya pili ya usiku, mwanzoni kabisa kuna nyimbo mbili wameziunganisha.

---

Mwana Shangani

Wakuu nimerudi, jana usiku nimeisikiliza hiyo ya Cornell, nimeazima ifoni za kijana wangu nimekaa nje barazani mpaka saa saba.

Mwanzoni sikuipata, niwe mkweli. Hawana wapulizaji, na uimbaji wao sio wa kwetu wa kupokezana. Lakini zile nyimbo mbili zilizounganishwa ni kama dakika 25 hivi, na kuna pale katikati wa kwanza umeisha maneno na wa pili haujafika, wako kwenye kivuko, hapo nilikaa wima. Gita la Garcia linang'aa, kila sauti iko peke yake kama shanga, halikimbii. Lile besi nalo sijawahi kulisikia la namna hiyo, linatembea kila mahali kama solo la pili. Kwetu besi ni nguzo, likihama nyumba inayumba, wao nguzo wamewaachia wale wapiga dramu wawili ndo maana besi lina ruhusa ya kutembea.

Tofauti niliyoiona ni hii. Wao wimbo wakiufungua wanaweza wakaupotea na wanauacha upotee, wanatafuta njia wote pamoja na raha iko kwenye kutafuta. Chemko yetu haipotei, inarudi palepale kila mzunguko, na kila ikirudi imeongezeka moto kidogo. Yule kijana na sauti zake tatu, hakwenda popote, alikaa pale mpaka pakaiva. Zote mbili zinahitaji muda. Ukiwapa hao jamaa wa Cornell dakika tano na rapa wa kutaja majina ile kanda isingekuwepo leo.

Fundi Besi wewe mzee wangu itafute usikie hilo besi, nataka sana maoni yako.

Na hilo la kurekodi limenitia uchungu. Jumamosi kulikuwa na kijana wa ulinzi anapita anazima simu za watu, ati bendi haitaki. Kwahiyo zile dakika 23 zimepotea?

---

Fundi Besi Lindi

Nimeisikiliza kwa mjukuu. Huyo mpiga besi hapigi kwa mazoea, anamsikiliza gita kwanza ndo anajibu. Mimi ningeogopa. Lakini kwenye ule wimbo wa pili katulia, kashika njia moja anairudia, na hapo wamenikumbusha ukumbi wetu saa tisa usiku.

---

KoroshoGhafi

Nyie watu mmenifanya nijute kuondoka saa saba. Wakija tena nakaa mpaka alfajiri, nione mwenyewe.

---

Binti wa Mikindani

Kaka Mwana Shangani hazijapotea zote. Dada yangu mdogo alikuwa kaweka simu kwenye mkoba wa kitenge, yule kijana wa ulinzi hakuiona. Ameanza kurekodi waya ulivyokatika maana alidhani kuna ugomvi. Ziko dakika 11 kisha chaji ikaisha. Picha hamna, giza tupu la mkoba, ila sauti ipo vizuri kuliko nilivyotegemea, kinanda kimefifia na tumba liko karibu. Nimekutumia inboksi, wengine mtakaoitaka semeni nawatumia pia, msiuze tu.

---

Mwana Shangani

Nimeipata dada, Mungu akubariki wewe na mdogo wako. Nimeisikiliza mara nne tangu asubuhi.

Dakika ya pili na sekunde kumi unamsikia mtu anacheka karibu na simu, kisha bibi anapiga kigelegele ulichosema. Dakika ya tano ukitega sikio sana chini ya tumba kuna kisauti kinapanda kidogokidogo, nyii, nyii, nyiii, nilidhani ni simu inakwaruza. Ni yule mzee anakaza waya.